Mtoto wa Mbwa wa Ulinzi na Saa Ndefu za Upweke

Katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju, Mabwepande na Wazo upande wa Kinondoni hadi Chamazi, Toangoma na Mbagala upande wa Temeke, desturi ya wengi wanaohamia nyumba mpya ni moja: uzio ukikamilika na geti likifungwa, hutafutwa mbwa. Mbwa wa asili, aliyekuwa mlinzi wa nyua zetu tangu zamani, sasa amepata wenzake wa aina za kigeni kama German Shepherd, Rottweiler na Boerboel, pamoja na machotara wao. Mara nyingi mtoto wa mbwa huletwa akiwa na majuma machache tu tangu kuzaliwa. Kesho yake wenye nyumba huenda kazini, naye hubaki peke yake uani. Makala haya yanaeleza yanayompata mnyama huyo katika saa hizo, na namna kaya inavyoweza kuyazuia kabla hayajawa tatizo la mtaa mzima.

Hesabu ya saa

Mkazi wa Bunju anayefanya kazi Posta au Kariakoo huenda akatoka nyumbani saa 11:30 alfajiri ili awahi kabla ya foleni ya Barabara ya Bagamoyo, akarejea saa 2:00 usiku. Hizo ni saa 14 na nusu. Hali ya anayetoka Chamazi na kupita Barabara ya Kilwa haitofautiani sana. Hata mbwa mzima huona taabu kukaa peke yake muda huo wote. Kwa mtoto wa mbwa mwenye miezi 2, jambo hilo limepita uwezo wa mwili wake.

Wafugaji hutumia kanuni nyepesi: chukua umri wa mtoto wa mbwa kwa miezi, ongeza 1, na jumla ndiyo idadi ya saa anazoweza kuzuia haja ndogo wakati wa mchana. Wa miezi 2 huweza takriban saa 3, na wa miezi 4 takriban saa 5. Isitoshe, tumbo lake ni dogo, hivyo huhitaji kulishwa mara 3 au 4 kwa siku. Anayeachiwa sahani moja ya ugali alfajiri huumaliza mara moja au huuacha ukachacha juani, kisha hushinda na njaa hadi usiku.

Kwa nini mbwa wa kazi huumia zaidi

Aina hizi za mbwa hazikutokea kwa bahati. German Shepherd alikuzwa Ujerumani kutokana na mbwa wa wachungaji wa kondoo, na chama cha wafugaji wake kiliundwa mwaka 1899. Rottweiler amepata jina kutoka mji wa Rottweil, ambako mbwa wa aina yake waliswaga ng'ombe na kuvuta mikokoteni ya wauza nyama. Boerboel alilelewa Afrika Kusini kwa ajili ya kulinda mashamba. Wote walichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa sifa moja kuu, nayo ni kushinda na binadamu wakifanya kazi pamoja. Hata katika Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi, mbwa hufanya kazi akiwa na askari aliyefunzwa kumwongoza.

Mnyama wa namna hiyo akikosa kazi na mwenzi, hujitafutia kazi mwenyewe. Huchimba chini ya geti, hutafuna ndala na nyaya, huangua nguo kambani, na hubweka mfululizo hadi majirani wakalalamika kwa mjumbe. Si utundu wala ukaidi. Ni nguvu na akili zisizo na pa kwenda, zikichanganyika na hofu ya kuachwa.

Dhana ya mbwa mkali

Wapo wanaoamini kwamba mbwa akifungwa mnyororo mchana kutwa tangu udogoni, akatengwa na watu, atakuwa mlinzi mkali usiku. Ukweli ni kinyume chake. Kuanzia juma la 3 hadi karibu la 14 tangu kuzaliwa, mtoto wa mbwa hujifunza kilicho cha kawaida duniani: sauti za watoto, pikipiki, mwuza maji na mkokoteni wake, mgeni anayebisha hodi. Asichokutana nacho katika majuma hayo, baadaye hukiogopa, na mbwa mwenye hofu ndiye mwepesi wa kuuma. Ukali uliozaliwa na upweke hauwezi kumtofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyefuata mpira wake. Samaki mkunje angali mbichi: mlinzi mzuri hutokana na mbwa anayewajua watu wake, anayetii sauti ya mwenye nyumba na aliyezoea mtaa.

Joto na hatari nyingine

Mbwa hupoza mwili kwa kuhema zaidi kuliko kwa jasho. Katika miezi ya Desemba hadi Machi, joto la Dar es Salaam likiambatana na unyevu wa pwani, njia hiyo hupungua nguvu. Banda la mabati lisilo na kivuli hugeuka tanuri ifikapo saa 6 mchana. Mbwa anayehema kwa kasi, kutoa ute mwingi na kuyumba huwa amezidiwa na joto. Ahamishiwe kivulini mara moja, amwagiwe maji ya kawaida mwilini, apepewe, kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Uani nako kuna sumu ya panya, mifupa ya kuku iliyopikwa ambayo hupasuka na kuchoma utumbo, na mnyororo unaoweza kujizungusha shingoni. Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni kutoroka. Mtoto wa mbwa anayepenya chini ya geti hukutana na mbwa wasiochanjwa, na hapo suala huacha kuwa la nyumba moja.

Kichaa cha mbwa huua karibu kila mtu ambaye dalili zake zimekwisha kujitokeza, na hata mtoto wa mbwa anaweza kuwa nao. Anayeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo ili aanzishiwe chanjo. Asisubiri kuona kama mbwa atakufa, wala asitegemee dawa za kupaka za nyumbani.

Kupanga siku ya mbwa

Jambo la kwanza hufanyika kabla ya kununua: kaya ijiulize ni nani atakayekuwa nyumbani mchana. Ikiwezekana, mtoto wa mbwa aletwe wakati mmoja wa wanakaya yuko likizo, ili azoeshwe kuachwa kidogo kidogo: dakika 5, kisha 15, kisha nusu saa, hadi saa kadhaa.

Pili, apatikane mtu wa kumwangalia angalau mara 2 mchana. Anaweza kuwa ndugu, msaidizi wa nyumbani au kijana wa jirani anayelipwa kwa makubaliano. Msaidizi aulizwe kwanza kama yuko radhi, kwa kuwa wapo ambao imani yao inawataka wajiepushe na mate ya mbwa, na wapo wanaomwogopa tu.

Tatu, atengewe sehemu iliyozungushiwa wavu badala ya kufungwa mnyororo, yenye kivuli cha mti au paa la makuti, na maji katika vyombo viwili vizito visivyopinduka. Sehemu ya chakula chake ifichwe kwenye nyasi au ndani ya kitambaa kinene kilichofungwa mafundo, ili pua na akili vipate kazi.

Nne, asubuhi kabla ya safari na jioni baada ya kurejea, apewe nusu saa ya michezo na mafunzo mepesi ya kuketi, kusubiri na kuitika jina. Kabla chanjo zake hazijakamilika, anaweza kubebwa ili auone mtaa bila kukanyaga wanapopita mbwa wengine.

Chanjo za parvo na distempa huanza akiwa na majuma 6 hadi 8, zikarudiwa kwa ratiba ya mtaalamu. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akitimiza miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Pale asilimia 70 ya mbwa wa eneo wanapochanjwa, maambukizi hukosa njia. Kila mbwa mmoja anayechanjwa, basi, ni kinga kwa watoto wa mtaa mzima.

Pale saa zinapokataa

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama, na kumwacha mnyama bila maji, kivuli na uangalizi si jambo dogo mbele yake. Kaya isiyo na mtu mchana haikosi njia nyingine. Mbwa mzima wa asili, aliyechanjwa na kuzoea watu, hustahimili hali ya hewa ya hapa na hana haja ya uangalizi wa kila saa 3. Wengine hutosheka na taa za nje, uzio imara na kushiriki ulinzi wa mtaa.

Wenye mbwa tayari, na wanaokusudia kuwa naye, wanashauriwa kumwona ofisa mifugo wa kata kwa ushauri wa banda, lishe na ratiba ya chanjo, na kuitunza kadi ya chanjo mahali ambapo hata anayebaki nyumbani mchana anaweza kuipata. Siku mbwa akimuuma mtu, kadi hiyo ndiyo itakayoulizwa kwanza.