Kipa, Toka Katikati ya Goli

Alasiri moja Migori, kwenye uwanja wa changarawe na vumbi, beki wa kushoto alibanwa akamrudishia kipa mpira. Kipa, kijana wa kidato cha tatu, alikuwa amesimama katikati ya nguzo mbili kama bawabu wa benki. Mpira uligonga kijiwe, ukaruka juu ya kiatu chake, ukajikokota hadi wavuni. Mashabiki walimcheka mpaka filimbi ya mwisho. Mimi sikuwa na ugomvi na mguu wake. Nilikuwa na ugomvi na mahali aliposimama.

Wakubwa nao yamewafika. Oktoba 2006, mwaka ule ule Sony Sugar ya Awendo ilipotwaa ubingwa wa Kenya, beki Gary Neville alimrudishia kipa Paul Robinson mpira mjini Zagreb. Ukadunda vibaya, Robinson akapiga hewa, Uingereza ikalala 2-0 mbele ya Kroatia.

Beki anapogeukia goli lake, kipa ahamie upande wa mpira, hatua mbili tatu nje ya nguzo ya karibu, na aombe pasi hapo. Asimsogelee beki mno, asije akambana zaidi. Pasi ikiharibika sasa inatoka nje, mnapigiwa kona. Hatari ipo, sikatai: goli linabaki wazi, straika akiunasa mpira, umekwisha. Ndiyo maana hutoki mpaka uone beki ameamua kurudisha, na ukishatoa mpira unarudi golini mbio.

Kabla mpira haujafika, inua macho. Straika mjanja haji kwa mstari ulionyooka. Anakuja akizunguka ili beki aliyetoa pasi abaki nyuma ya mgongo wake, usiweze kumrudishia. Kwa hiyo mara nyingi njia iliyo wazi ni upande wa pili. Ukipata muda, mguso wa kwanza uupeleke mpira huko, kwa upande wa ndani wa mguu. Muda ukikosekana, butua nje. Mpira wa kurusha haujawahi kumfukuzisha kipa kazi.

Homa Bay ina mtihani wake. Alasiri upepo wa ziwa huingia nchi kavu, na kwenye viwanja vya ufukweni ukibutua juu ukilitazama ziwa, mpira unakurudia kama deni. Piga chini, ulenge pembeni.

Halafu kuna mikono. Mahmoud Abbas, kipa wa zamani wa Kenya, na makipa wenzake wa miaka ya 80 waliidaka pasi ya beki bila wasiwasi, maana katazo lilikuja 1992. Lakini vijana wengi wamelielewa nusu. Linahusu mpira ambao mwenzako ameupiga kwa mguu makusudi, na baadaye ukaongezwa ule anaokurushia kutoka pembeni. Akikurudishia kwa kichwa, kifua au goti, daka, mradi si ujanja wa kuikwepa sheria. Kwa ujanja huo refa anatoa kadi. Mpira ukimparaza beki mguuni bila kukusudia, daka pia.

Na hili makocha hawalisemi sana: pasi ya mguu ikikupita na inaelekea wavuni, irukie uidake. Adhabu ni frikiki isiyo ya moja kwa moja, tena haina kadi. Ikiwa uliidaka karibu kabisa na goli, frikiki inapigwa kwenye mstari wa boksi dogo, na timu yako nzima inaruhusiwa kujipanga kwenye mstari wa goli. Inatisha, lakini bado si goli.

Yule kijana bado yuko nami. Mazoezini nawaambia mabeki wamrudishie pasi mbovu makusudi. Juzi moja ilimpita chini ya soli, ikaambaa nje ya nguzo, ikasimama kwenye nyasi. Akanigeukia, mikono kiunoni.

“Kona tu, kocha.”