Kabla ya kununua rimoti, itazame betri yake

Hebu hesabu rimoti zilizo sebuleni mwako. Kuna ya runinga, ya dekoda, na pengine ile nyembamba kama kadi iliyokuja pamoja na redio au taa za rangi. Ukiongeza kibodi na mausi ya kompyuta isiyo na waya, utapata vyombo vitano au sita vinavyotumia betri. Sasa jiulize: je, ni kipi kati ya hivyo ambacho mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kukifungua kwa kidole?

Mimi mwenyewe sikujali swali hilo mpaka asubuhi moja mama mmoja aliponiletea mwanawe kliniki. Mtoto alikuwa akidondokwa na mate, akikataa uji na kukohoa kidogo. Hakuwa na homa. Jana yake alikuwa amepewa dawa ya koo mahali pengine, na nakiri kwamba nami nilikaribia kuandika dawa iyo hiyo. Kilichonizuia ni maneno ya yaya aliyekuwa amesimama mlangoni: "Daktari, rimoti ya redio haifanyi kazi tangu jana. Betri yake hatuioni."

Picha ya eksirei ilionyesha duara jeupe kwenye umio, yaani mrija upitishao chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa haraka ungedhani ni sarafu, lakini ukingo wake ulikuwa na duara mbili, moja ndani ya nyingine. Hiyo ni alama ya betri. Ilitolewa siku hiyo hiyo katika hospitali kubwa, lakini mtoto alilishwa kwa mpira kwa majuma kadhaa kabla ya kurudia uji wake.

Betri inavyochoma

Wengi hudhani kwamba hatari ya betri ni kumkaba mtoto, au kuvuja sumu. La hasha. Hatari kubwa ni umeme wenyewe. Betri hizi za duara za lithiamu zina nguvu ya volti 3. Zikikwama kwenye umio wenye unyevu, umeme hupita katika nyama laini, na upande wa hasi huzalisha kemikali inayounguza kama magadi makali ya kutengenezea sabuni. Kidonda kibaya chaweza kutokea kwa muda wa saa 2 tu. Kidonda hicho chaweza kutoboa umio na kufikia mrija wa hewa au mshipa mkubwa wa damu, hata siku kadhaa baada ya betri kutolewa.

Usidanganyike kwamba betri iliyokwisha haina madhara. Ile isiyoweza tena kuwasha rimoti bado ina umeme wa kutosha kuchoma.

Soma nambari iliyochapwa juu yake. Katika CR2032, tarakimu 20 ni upana wa milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. CR2025 ina upana huo huo ila ni nyembamba zaidi. Betri zenye upana huo ndizo hasa zinazokwama kwenye umio wa mtoto mdogo.

Huko Marekani, mtoto wa miezi 18 aliyemeza betri ya rimoti alifariki Desemba 2020. Mwaka 2022 nchi hiyo ilipitisha sheria inayotaka vyombo vyenye betri za aina hii viwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Lakini wewe usingoje sheria ikuchagulie. Dukani, macho ni yako.

Chagua kwa kuwatazama walio nyumbani

Kama una mtoto wa chini ya miaka sita, chagua rimoti inayotumia betri ndefu za AAA au AA. Hizo nazo si za kuchezewa, lakini si rahisi kumezwa. Ikiwa chombo ulichopenda kina betri ya duara, geuza rimoti yake na utafute skrubu kwenye kifuniko. Kama kifuniko huvutwa tu kwa ukucha, mwachie mwenye duka.

Njia ya pili ni kupunguza rimoti. Runinga nyingi za kisasa zikiunganishwa na chombo kingine kwa waya wa HDMI huweza kukiongoza kwa rimoti moja. Tazama katika mipangilio ya runinga yako, kisha ile rimoti ya ziada itoe betri na uifungie kabatini.

Njia ya tatu ni simu yako. Runinga na kompyuta zilizo kwenye Wi-Fi moja na simu huweza kuongozwa kwa programu, na betri ya simu haiko wazi kwa mtoto. Ubaya wake ni kwamba ukitoka na simu, waliobaki hawana rimoti.

Kwa mzee mwenye baridi yabisi ya vidole au macho hafifu, mnunulie rimoti yenye vitufe vikubwa na vichache. Inayoamrishwa kwa sauti humfaa yule ambaye mikono yake inatetemeka. Usimpe ile ya kadi: vitufe vyake ni vidogo, na wajukuu hawako mbali.

Na usifikiri kwamba betri hizi ni lazima. Mwaka 1956 kampuni ya Zenith ya Marekani iliuza rimoti iliyobuniwa na Robert Adler, ambayo haikuwa na betri hata moja. Kila kitufe kiligonga fimbo ndogo ya aluminiamu, nayo ikatoa mlio usiosikika na binadamu ila runinga iliutambua.

Mtoto akimeza

Ukishuku kwamba mtoto amemeza betri, usingoje dalili. Mkimbize katika hospitali yenye eksirei na useme waziwazi: "Nashuku ni betri." Usimtapishe, wala usimpe chakula au kinywaji.

Kitu kimoja tu kinaruhusiwa. Ikiwa ana zaidi ya mwaka mmoja, anaweza kumeza, na haijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, mkiwa njiani. Asali hupunguza uchomaji, lakini haiondoi betri, kwa hivyo usichelewe kwa kuitafuta. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe.

Betri ikiingia puani au sikioni, usitie matone yoyote. Hiyo pia ni dharura.

Leo jioni, kabla ya taarifa ya habari, zigeuze rimoti zako zote. Kifuniko kilicholegea kifunge kwa utepe imara mpaka upate rimoti nyingine. Betri kuukuu zizungushie utepe pande zote mbili na uziweke mahali pasipofikiwa na mtoto. Ni kazi ya dakika tano. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.