Kura ya Jambiani huanzia kwa sheha

Siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura wa Jambiani, Unguja, aliyetimiza masharti yote hupewa karatasi tano. Ya Rais wa Muungano na ya mbunge ni za Tume ya Taifa. Ya Rais wa Zanzibar, ya mwakilishi na ya diwani ni za Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC). Tume mbili kila mtu anazijua. Kinachosahaulika ni kwamba nyuma yake zipo sheria mbili, zinazotungwa na vyombo viwili. Bunge la Dodoma lilipopitisha sheria mpya za uchaguzi mwanzoni mwa 2024, namna ya kumchagua Rais wa Zanzibar haikuguswa. Hilo ni la Baraza la Wawakilishi, Chukwani. Anayempelekea mbunge wake malalamiko ya daftari la wapiga kura la ZEC amebisha hodi nyumba ya jirani.

Sheria ya uchaguzi ya Zanzibar ni Namba 4 ya 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya 1984. Ugomvi wake mkubwa hauko kwenye sanduku la kura. Uko miezi mingi kabla.

Ili uandikishwe lazima uwe na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na maombi ya kitambulisho hicho hupitia kwa sheha, kiongozi wa shehia. Jambiani ina shehia mbili, Kikadini na Kibigija. Sheha hachaguliwi na wakaazi. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, naye Mkuu wa Mkoa ni mteule wa Rais wa Zanzibar. Sisemi masheha ni watu wabaya. Wengi wao huamshwa usiku kwa misiba na ugomvi wa viwanja, na shukurani hawapati. Lakini mtu ambaye cheo chake kinatoka upande mmoja wa ushindani hafai kuwa mlango wa daftari. Chukwani inaweza kuweka njia ya pili: aliyekwama kwa sheha apeleke ushahidi wake moja kwa moja kwa ofisa wa uandikishaji, ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa, na akikataliwa aende mahakama ya wilaya.

Halafu kuna ukaazi. Katika chaguzi za 1995 na 2000 mtu alitakiwa awe ameishi jimboni miaka mitano. Baada ya Muafaka wa 2001 kati ya CCM na CUF, muda ukashushwa hadi miezi 36 mfululizo. Chanzo chake ni hofu ya mamluki, wapiga kura wa kuletwa, na hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Mwaka 1963 chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata asilimia 54 ya kura zote na kuambulia viti 13 kati ya 31. Visiwani watu mia chache wakihamishwa, jimbo hugeuka.

Ila pwani ya leo si ya 1961. Kijana wa Wete anayepika hotelini Jambiani msimu huu, msimu ujao anaweza kuwa Nungwi. Hakuna chama kilichomleta, kimemleta kibarua. Sheria ya Muungano haimhesabii miezi, kwa hiyo anaweza kumchagua Rais wa Tanzania huku akikosa kumchagua Rais wa kisiwa anachokaa. Kwa maoni yangu miezi sita ingetosha, mradi daftari libandikwe mapema kila shehia na majirani wapewe muda wa kupinga jina wasilolitambua. Mamluki hujulikana na majirani kabla ya kujulikana na kalenda.

Kura ya mapema, iliyopigwa kwa mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya wananchi wengine, nitaipitia haraka. Imewekwa kwa ajili ya watendaji wa uchaguzi na askari. Ikibaki, basi majina ya wanaohusika yatangazwe kituo kwa kituo kabla ya siku yenyewe.

Zito zaidi ni la mahakama. Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa ZEC, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi mzima wa Zanzibar. Ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF wakiususia. Matokeo ya urais wa Zanzibar hayapelekwi mahakamani. Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, kesi hufunguliwa ndani ya siku 7 na kuamuliwa ndani ya 14. Ndivyo ulivyofutwa uchaguzi wa urais wa Agosti 2017. Mahakama ya Afrika, iliyopo Arusha, ilisema Julai 2020 kwamba katazo kama hilo katika Katiba ya Muungano linakiuka Mkataba wa Haki za Binadamu wa Afrika. Kulibadili la Zanzibar kunahitaji theluthi mbili ya Wawakilishi, na sitarajii litokee kesho.

Ya sheha na ukaazi hayahitaji theluthi mbili. Ni marekebisho ya sheria ya kawaida, na muswada ukifika kwenye kamati, mwananchi anaweza kwenda kutoa maoni. Kinachobana ni muda. Uchaguzi ujao ni 2030, na kwa kipimo cha miezi 36, atakayehamia Jambiani baada ya Oktoba 2027 atakuwa ameshachelewa. Mwakilishi anayetaka kumwokoa huyo hana sababu ya kungoja mwaka wa kampeni.