Umepigwa shilingi ngapi?

Ukienda sokoni Kariakoo kutafuta feni, una njia tatu. Ya kwanza ni winga, yule kijana anayekudaka barabarani kwa "karibu bosi, unatafuta nini?" Hutapotea, ila bei utakayotajiwa ina cha juu chake ndani. Ya pili ni kuzunguka mwenyewe: cha juu hakuna, lakini nusu siku imekwenda na jua limekuchoma. Ya tatu ni duka lenye bei iliyobandikwa, ambako ukiomba kupunguziwa unatazamwa tu.

Tuchukue mfano. Winga anakupeleka, muuzaji anaanza na 85,000. Mnavutana hadi 65,000, unatoka umejaa furaha kwa kuokoa 20,000. Duka la bei moja, mtaa wa pili, feni ileile ni 58,000. Hizo 20,000 hazikuwahi kuwapo. Bei ya kwanza ilitajwa ili nyingine zote zionekane nafuu. Na kama umeletewa kiti na maji baridi, ndiyo kabisa: nani atakunywa maji ya mtu kisha aage mikono mitupu?

Mwaka 1981 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwauliza watu: kikokotoo ni dola 15, lakini katika duka lililo mwendo wa dakika 20 kwa gari kinauzwa dola 10. Utakwenda? Asilimia 68 walikubali. Wengine waliulizwa hivyohivyo, ila kikokotoo kilikuwa dola 125 na kule ni 120. Waliokubali walikuwa asilimia 29. Dola tano ni zilezile.

Sisi je? Tunabishana na mama wa nyanya kwa shilingi mia mbili, kisha tunanunua friji ya laki tisa bila hata kuuliza kama watatusafirishia bure. Maneno yote yale ya sokoni yangefaa yatumike hapo.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa popote: feni ikifa baada ya wiki mbili, utamrudishia nani? Winga hayuko tena pale uliposimama naye. Mwenye duka atadai risiti, na wengi tunaikataa ili tupunguziwe.

Kwa feni, mimi nakwenda bei moja. Kwa viatu bado nazunguka. Nikipigwa elfu mbili, nahesabu nimelipia utani.