Mteremko wa Penye Kona

Tenga la nyanya linatoka Lushoto kwenda Dar es Salaam. Tuseme dizeli ikipanda shilingi 1 kwa lita, gharama ya kulisafirisha inapanda nusu shilingi. Na kila shilingi ya usafiri inapoongezeka, mchuuzi anaongeza shilingi 2 kwenye bei yake. Ukitaka kujua dizeli inaigusaje nyanya, zidisha nusu kwa 2: shilingi 1 kwa shilingi 1. Hiyo ndiyo kanuni ya mnyororo, ambayo Leibniz aliitumia tangu karne ya 17. Badiliko linapita pete hadi pete, na kila pete inazidisha.

Sasa mtazame mchuuzi kwa karibu. Hagusi bei mpaka usafiri uvuke shilingi 3,000 kwa tenga. Ukishavuka hapo, ndipo anaongeza 2 kwa kila 1. Mchoro wa bei yake una kona. Kushoto mteremko ni 0, kulia ni 2. Je, kwenye 3,000 yenyewe? Shuleni tuliambiwa hapo hakuna mteremko, tukaendelea na swali linalofuata. Jibu lile halikuniridhisha hata siku moja, kwa sababu maisha yamejaa kona: viwango vya kodi, bei ya umeme, faini za kuchelewa.

Frank Clarke, Mkanada, hakuiruka kona. Katika tasnifu yake ya mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Washington, chini ya msimamizi wake Rockafellar, alipendekeza tuisogelee kona kutoka pande zote, tukusanye miteremko tunayokutana nayo, kisha tuchukue na yote iliyo katikati. Kwa mchuuzi wetu, jibu ni fungu zima la namba kuanzia 0 hadi 2.

Fungu hilo lina gharama yake. Mnyororo ukipita kwenye kona, alama ya “sawa na” mara nyingi inapotea, na kinachobaki ni “limo ndani ya”. Jibu la kweli limo kapuni, ila kapu linaweza kuwa kubwa kupita kiasi. Na hapa ndipo jambo linapoigusa simu iliyo mkononi mwako.

Mifumo mingi ya akili unde, ikiwemo ya kutafsiri na kutambua sauti, imejengwa kwa kipande kidogo chenye kona: namba ikiwa hasi, kiigeuze kuwa 0, ikiwa chanya, kiiache ilivyo. Wakati wa kuufundisha mfumo, kompyuta inatumia kanuni ya mnyororo kwenye vipande hivyo mara zisizohesabika, na kwenye kona kwa kawaida imeagizwa iseme mteremko ni 0. Jaribu mwenyewe. Pitisha namba kwenye kipande hicho, kisha pitisha kinyume chake, halafu toa jibu la pili kutoka la kwanza. Ukiweka 5 unapata 5. Ukiweka −5 unapata −5. Namba inarudi ilivyoingia, kwa hiyo mteremko ni 1 kila mahali. Lakini kwenye 0 kompyuta itakujibu 0. Imekosea, na bado mifumo inajifunza.

Kwa nini? Jérôme Bolte na Edouard Pauwels, wanahisabati wa Toulouse, Ufaransa, walitoa maelezo katika makala iliyochapishwa mwaka 2021. Hawakudai mteremko uwe sahihi katika kila nukta. Walidai kwamba ukitembea njia yoyote na kujumlisha miteremko hatua kwa hatua, upate kimo kilekile ulichopanda kweli. Ukiipita kona, umekaa hapo nukta moja tu, na kosa lake halijumlishiki. Ukisimama juu yake, husogei, na kosa linazidishwa na 0. Kwa kipimo hicho kanuni ya mnyororo inasimama tena, pete kwa pete, na “sawa na” inarudi mahali pake. Kwangu mimi hii ni kazi nzuri mno: waliikuta kompyuta inatumia kanuni nje ya mipaka yake, wakaipa kanuni mipaka mipya.

Walimu wa hisabati wa kidato cha tano na sita, mkifika kwenye kanuni ya mnyororo, chukueni dakika kumi mchore kona moja ubaoni. Waacheni wanafunzi waisogelee kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, kabla hamjawaambia kwamba hapo hakuna mteremko.