Kusoma Tope la Bahari za Ncha za Dunia

Mashapo ya bahari ni tope, mchanga na masalia ya viumbe yanayotuama chini ya maji, matabaka ya kale yakilaliwa na mapya. Katika ncha za dunia, matabaka hayo huonyesha lini bahari ilifunikwa na barafu na lini ilikuwa wazi.

Sampuli huchukuliwa kwa bomba refu la chuma linalodidimia topeni kwa uzito wake. Mashapo yaliyokwisha kuwa mwamba hukatwa kwa keekee. Mche wa tope unaopatikana hupasuliwa kwa urefu, kisha husomwa tabaka kwa tabaka.

Jiwe lililokaa peke yake katika tope laini, mbali na pwani, halikuletwa na mkondo. Lilisafiri ndani ya barafu iliyomeguka nchi kavu, likazama barafu ilipoyeyuka. Diatomu, mwani wa chembe moja wenye ganda la silika, huhitaji mwanga wa jua. Tabaka nene la maganda yake ni dalili ya bahari wazi. Foraminifera, viumbe wadogo wa baharini wenye ganda la chokaa, huhifadhi kumbukumbu ya oksijeni. Maji yenye oksijeni nyepesi huvukiza kwa urahisi zaidi. Mvuke wake ukianguka kama theluji na kuganda nchi kavu, bahari hubaki na oksijeni nzito kwa wingi, na ganda huijenga ndani yake.

Umri wa tope hupimwa kwa kaboni ya mnururisho hadi miaka 50,000 hivi. Kwa tope la kale zaidi, hutazamwa mwelekeo wa usumaku uliobaki katika chembe zake.

Mwaka 2006–2007, mradi wa ANDRILL ulitoboa barafu inayoelea ya McMurdo, Antaktika, ukachimba karibu mita 1,285 chini ya sakafu ya bahari. Mashapo ya miaka milioni 3 hadi 5 iliyopita, dunia ilipokuwa na joto kuliko leo, yalipishana: changarawe ya barafu, kisha diatomu, kisha changarawe tena. Barafu ya Antaktika Magharibi ilikuwa ikirudi nyuma na kusonga mbele, kwa mizunguko ya miaka 40,000 hivi.

Mapema mwaka 2002, takriban kilomita za mraba 3,250 za bamba la barafu la Larsen B, pia huko Antaktika, zilivunjika kwa wiki chache. Tope lililokuwa chini yake halikuonyesha dalili ya bahari wazi kwa zaidi ya miaka 10,000 iliyotangulia. Kuvunjika huko, basi, hakukuwa sehemu ya mabadiliko ya kawaida ya kipindi hicho.