Pembe Hupimwa kwa Masikio: Maelezo kwa Walioniuliza

Jirani yangu wa hapa Fort Collins, Colorado, amenuna. Alinionyesha picha ya kulungu aliyemwinda milimani mwezi Novemba, picha aliyoipiga kwa simu kupitia darubini kabla hajafyatua, akasema pembe zake zina upana wa inchi 30. Nikaitazama vizuri, nikamwambia hazifiki. Labda 25, wala si zaidi. Akaniuliza mtu wa Afrika anajuaje pembe za kulungu wa Colorado. Tangu siku hiyo salamu zimekuwa za kuinua kidole kwenye usukani na kupita.

Nilipolisimulia jambo hili kwenye kundi letu, wengi mlinilaumu. Mlisema mgeni hamkosoi mwenyeji, tena kwenye kitu anachojivunia. Nimeyasikia. Lakini yeye aliniuliza ninaonaje, nami nikasema ninavyoona. Na swali lake la pili, la mtu wa Afrika kujuaje, ndilo linalonifanya niandike, kwa sababu mimi ni mtu wa Tabora, na kama kuna mji duniani ambao watu wake walijifunza kukadiria uzito wa pembe ikiwa bado kichwani mwa mnyama, ni Tabora.

Kwanza mnyama mwenyewe. Kulungu wa huku si yule wa vichaka vyetu. Ni mkubwa zaidi, wakati wa baridi huwa wa kijivu, na masikio yake ni marefu na mapana kama ya punda. Dume huota pembe za matawi, na pembe hizo huanguka zote kila mwaka, kati ya Januari na Machi, kisha huota upya. Tandala wetu pembe yake ni ya maisha, ikivunjika imevunjika. Huyu wa Colorado anaanza upya kila majira ya kuchipua, pembe ikiwa imefunikwa ngozi laini yenye damu, mpaka mwisho wa Agosti au Septemba anapoisugua kwenye miti ikabaki mfupa mtupu. Kwa hiyo pembe ya mwaka huu ni habari ya majani ya mwaka huu na ya umri wa dume. Dume la miaka miwili halina cha kuonyesha. La miaka mitano hadi saba ndilo lililofika kileleni, halafu hurudi nyuma.

Sasa, upana. Kulungu akikutazama moja kwa moja akiwa ameshtuka, masikio hufunguka pembeni, na kutoka ncha ya sikio moja hadi ncha ya jingine ni kama inchi 20 hadi 22. Hicho ndicho kipimo, na mnyama anatembea nacho kichwani. Pembe ya inchi 30 lazima ipite kila sikio kwa inchi nne au tano, karibu upana wa kiganja. Katika ile picha dume lilikuwa limetazama mbele, masikio yamesimama, na pembe zimepita kila upande kwa vidole viwili. Basi. Hakuna uchawi hapo, wala dharau.

Kinachonishangaza ni kwamba watu hawa wana elimu kubwa ya kupima pembe iliyokwisha kukatwa. Kuna klabu iitwayo Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, yule yule aliyekuja baadaye kuwinda Kenya na Uganda mwaka 1909. Klabu hiyo ina utaratibu ambao jirani yangu anaujua kwa moyo. Unapima urefu wa mhimili wa pembe kila upande, unapima kila tawi, unapima unene wa pembe sehemu nne kila upande, unapima nafasi ya ndani kati ya pembe mbili, vyote kwa sehemu ya nane ya inchi. Unajumlisha. Halafu, na hapa ndipo ninapochoka, unatoa tofauti zote kati ya kushoto na kulia. Dume ambalo upande mmoja umezidi mwingine linakatwa alama, eti halikulingana. Zaidi ya hayo, pembe lazima zikauke siku 60 kwanza, kwa kuwa mfupa mbichi husinyaa. Likifika alama 190 linaingia kwenye kitabu cha kudumu.

Na kabla ya kufika huko kuna safari nyingine. Kibali cha kulungu huombwa mapema, kwa bahati nasibu inayofungwa mwanzoni mwa Aprili, wakati msimu wenyewe wa bunduki ni Oktoba na Novemba. Ukikosa unapewa pointi, na pointi zinajilimbikiza, hivyo kuna watu wanaosubiri eneo moja zuri kwa miaka mingi. Aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1949 hapewi kibali bila cheti cha mafunzo ya uwindaji. Msimu wa bunduki lazima uvae rangi ya chungwa inayong'aa, inchi za mraba 500 juu ya kiuno, na kofia. Tangu 2016 waridi kali nalo linakubalika. Yote hayo nayaheshimu, kwa sababu yanazuia watu kupigana risasi na yanazuia wanyama kuisha. Lakini katika karatasi zote hizo hakuna mahali unapoulizwa kama unaweza kumtambua dume kijana na dume mzee kabla ya kufyatua. Hilo wanakuachia mwenyewe, na wengi wanaangalia matawi tu.

Sisi tulianza upande mwingine. Baba mkubwa wangu alikuwa mfuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji vya Ugalla, na baadaye Moyowosi, enzi Ugalla ikiwa bado pori la akiba, kabla haijafanywa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019. Mgeni na mwindaji bingwa walikuwa wanabeba bunduki. Yeye alibeba macho. Kwa mbogo alitazama masikio, vilevile kama nilivyotazama mimi, kuona pembe imeteremka na kupita wapi. Lakini kabla ya upana alitazama paji la uso. Dume changa lina nyama laini na manyoya pale pembe mbili zinapokutana. Dume zee pameshikana pakawa pagumu kama jiwe. Akiona laini, anamshika mgeni bega na kumwambia aache, hata pembe ziwe pana namna gani. Kwa simba sheria yetu yenyewe inaangalia umri, kwamba asiwe chini ya miaka sita, na wataalamu hutazama pua, kwa kuwa pua ya simba huongezeka weusi kadiri anavyozeeka. Nilipomtumia baba mkubwa ile picha ya jirani, hakuniuliza habari ya inchi. Aliuliza: "Huyu ana miaka mingapi?" Akatazama shingo nyembamba na tumbo lililokaza, akasema huyu angeachwa miaka miwili.

Elimu hiyo haikuanza na watalii. Wanyamwezi walikuwa na chama cha wawindaji wa tembo, Bayege, chenye mafunzo na miiko yake ambayo wasomaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Wao walisoma unyayo. Mzunguko wa unyayo wa mguu wa mbele ukiurudia mara mbili unapata karibu kimo cha tembo begani. Kisigino kilicholainika kinakuambia ni mzee. Wakimfikia, hawakudanganywa na urefu wa jino, yaani pembe yenyewe. Karibu theluthi moja ya jino imezama ndani ya fuvu, tena sehemu hiyo ina uwazi, kwa hiyo uzito unausoma pale jino linapotokea mdomoni. Jino refu jembamba ni la jike au la kijana. Nene mdomoni ndilo zito. Na jino moja lilikuwa la mtemi, kwa hiyo mwindaji alijua tangu porini atabaki na nini.

Baada ya hapo jino lilifika Unyanyembe, eneo la Tabora, likapimwa kwa frasila, karibu kilo 16 kila frasila. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe ndio waliokuwa mabwana wa msafara. Msafiri Mwingereza Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, mwezi Novemba 1857, aliandika juu yao na kengele walizofunga kwenye ncha za pembe. Walitembea mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 800, na kutoka hapo mzigo ulivuka kwenda Unguja. Unguja ilichagua tena: kubwa laini ya soko la Ulaya iliitwa bab Ulaya, ya soko la Uhindi bab Kachi, na ndogo kalasha. Mtemi Mirambo wa Unyamwezi alipofunga njia mwaka 1871 alijua thamani ya kilichokuwa kinapita hapo.

Na sehemu kubwa ya pembe za Unguja ilienda wapi? Marekani. Miji ya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, ilijengwa kwa viwanda vya kukata pembe za ndovu kuwa vibao vya piano. Kwa hiyo jirani anaposema, kama alivyosema siku ile ile, kwamba Waafrika tulimaliza tembo wetu wenyewe, mimi nina la kujibu. Mnunuzi alikuwa sebuleni kwa bibi yake.

Hili la piano limeleta mambo nyumbani kwangu. Kijana wangu mdogo anajifunza kinanda kanisani, kwenye piano kuukuu iliyotolewa sadaka. Nilimwonyesha kwamba vibao vyake vyeupe vimegeuka manjano, na kwamba kwenye kila kibao kuna mstari mwembamba pale vipande viwili vya pembe vilipounganishwa, jambo ambalo plastiki haina. Nikamwambia huenda tembo huyo alipita Tabora begani mwa mtu wa kwetu. Sasa mtoto hataki kupiga. Mwalimu wake amempigia simu mama yake. Mimi nilidhani namfundisha historia, na nasimamia hilo, mtoto lazima ajue. Tumekubaliana na mwalimu kwamba kijana atumie kinanda cha umeme kwa sasa, na kijana mwenyewe amemwandikia babu yake huko Sikonge barua nzima kwa Kiswahili, ya kwanza katika maisha yake, kumuuliza kama wapagazi walilipwa. Babu amejibu kwamba walilipwa kwa nguo na shanga, na kwamba kijana aendelee na muziki, tembo hatarudi kwa yeye kuacha.

Dada yake ni mtu mwingine kabisa. Yeye amechukua upande wa masikio. Mwezi Mei mwaka jana tulikwenda kuokota pembe zilizoanguka, kwa sababu huku magharibi ya barabara kuu ya I-25 ni marufuku kuziokota kwenye ardhi ya umma kati ya Januari na mwisho wa Aprili, wanyama wasisumbuliwe wakiwa wamedhoofu kwa baridi. Alipata moja chini ya misonobari, imegugunwa na panya upande mmoja. Jioni aliilaza mezani, akaipima kwa tepu ya kushonea ya mama yake, akaniambia kwa ukali kwamba upande mmoja peke yake hausemi chochote juu ya upana, kwa kuwa hujui kichwa kilikuwaje katikati. Hakuna aliyemfundisha hilo. Nikampigia babu yake hapo hapo, binti akamwamkia shikamoo, akamweleza upya kwa Kiswahili chake cha kukatika, na mzee akacheka kwa furaha mpaka simu ikakatika.

Mwezi uliopita ametimiza miaka 12, umri ambao jimbo hili linamruhusu mtoto kuwinda mnyama mkubwa akiwa na cheti na mtu mzima pembeni. Anataka kusoma mafunzo hayo. Ndugu yake ameapa hatakula nyama hiyo, na wamegawana meza, huyu upande wa dirishani, huyu upande wa jiko. Mama yao anasema mtoto wa kike ashike kitabu. Mimi nasema cheti nacho ni kitabu, kina mtihani. Kama mama atakubali, sharti langu ni moja tu na nimemwambia binti mapema: kila dume atakalolilenga anitajie umri wake kwanza, na asipoweza kuutaja, anaweka bunduki chini. Maombi ya vibali yanafungwa mwanzoni mwa Aprili, na majadiliano bado yanaendelea.